Shali Isiyofuliwa

Wakoli alikuwa amechoka. Si kazi iliyomchosha, kazi alishaizoea. Miaka tisa alikuwa akigonga mabati kando ya reli pale Laini Saba, Kibera, akitengeneza masanduku ya wanafunzi, na nyundo haikuwahi kumshinda. Alichokuwa amechoka nacho ni kujikuna. Alijikuna akinywa chai, alijikuna akipima bati, alijikuna mbele ya wateja mpaka mmoja wao akasogeza kiti chake pembeni. Na nyumbani kulikuwa na mwenzake aliyejikuna kuliko yeye, tena huyo hakuwa hata na kazi ya kwenda kupumzikia.

Huyo ni Karani, paka wa mke wake. Jina alipewa na Nafuna mwenyewe, kwa vile alivyozoea kukaa mikono ameikunja mbele na macho nusu wazi, kama mtu wa ofisini asiye na haraka na shida yako. Karani hakuwa paka wa nje. Nje kulikuwa na mbwa wa relini, na kila jirani alikuwa ametega sumu ya panya, kwa hiyo tangu aletwe akiwa mdogo ndani ya kikapu kutoka kwao Nafuna, Kimilili, hakuwahi kuvuka kizingiti. Nafuna alimleta miezi miwili baada ya kumzika mtoto wao, Nekesa, aliyechukuliwa na surua akiwa na miezi saba. Akamlaza juu ya shali ya mtoto, pale chini karibu na kitanda, na tangu siku hiyo habari za mtoto hazikutajwa tena nyumbani humo. Hata kuitana kulibadilika. Mama Nekesa akarudi kuwa Nafuna, na Baba Nekesa akarudi kuwa Wakoli, kama watu waliojuana juzi tu.

Shali hiyo haikufuliwa. Nafuna hakusema kwa nini, na Wakoli hakuuliza, maana wiki ya kwanza baada ya mazishi alimkuta amejifunika nayo uso, anainusa. Alirudi nje taratibu, akakohoa, ndipo akaingia upya. Yeye mwenyewe aliishika mara moja tu, asubuhi moja akidhani mke wake amekwenda mferejini.

Sasa Nafuna alikuwa amekwenda kwao kumsaidia mamake kupalilia, na angerudi Jumamosi. Pale mlangoni, kikapu mkononi, alisema, "Nikirudi nimkute Karani mzima. Hayo mengine fanya vile unataka." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha mume wake. Wakoli alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba paka huyo akifa mke wake atapanda basi arudi kwao, na safari hiyo hataenda kupalilia.

Na hayo mengine ni yapi? Ni mavi ya ng'ombe, nisikufiche. Kila Jumamosi Nafuna alikuwa akienda kwa miguu mpaka Kawangware, anarudi na debe kichwani, anasiriba sakafu ya chumba chao vile mama yake alivyomfunza. Wakoli akaona haya. Fundi mzima, anajulikana reli nzima, mke wake anapita mbele ya vibanda na mavi kichwani? "Watu watasema nalala kwa boma ya ng'ombe," akamwambia siku moja. "Hapa ni Nairobi. Wacha hiyo maneno." Nafuna akaacha, kimya, kama mtu anayetua mzigo. Hiyo ilikuwa miezi miwili kabla. Sakafu ikakauka, ikapasuka, ikaanza kutoa vumbi, na viroboto wakaja. Lakini unafikiri Wakoli aliyaunganisha mambo hayo mawili? Thubutu. Alimlaumu paka.

Kufikia Jumatano shingo ya Karani ilikuwa imebaki ngozi tupu, nyekundu, na usingizi hakuwa nao. Analala kidogo, anaruka, anajiuma mgongo. Wakoli alikwenda kumwona Oloo, jirani yake aliyeuza mahindi kwenye kibanda.

"Hiyo ni kitu kidogo, fundi," Oloo alisema. Akamchotea unga mweupe kwenye karatasi ya gazeti. "Hii ndio naweka kwa mahindi. Mdudu akigusa, kwisha. Mpake yote."

Oloo hakuwa na nia mbaya. Dawa ilimsaidia kwa mahindi, na mahindi hayajilambi. Wakoli alimpaka Karani kuanzia masikio mpaka mkia, ukabaki mwingine akaunyunyiza juu ya shali, kisha akaenda kazini moyo umetulia kidogo.

Aliporudi mchana kula, Karani alikuwa ameegemea ukuta, mate yanamtoka kama uzi, miguu inatetemeka. Hakuinua kichwa. Wakoli alikimbia kwa Oloo, na Oloo naye akashika kichwa.

"Kuna mzee Mkamba kule Kawangware, anaitwa Muli. Alikuwa mtu wa josho, kuogesha ng'ombe na dawa ya kupe, huko kwa mashamba ya wazungu. Hakuna mnyama hajui. Enda kwake saa hii."

Kikapu Nafuna alikuwa amekwenda nacho. Wakoli alichukua sanduku la mwanafunzi alilolimaliza asubuhi, lililokuwa likingojewa na mwenyewe, akalitoboa kwa msumari matundu ishirini au zaidi, akamlaza Karani ndani na kushika njia. Sanduku la bati ni zito na jua la saa nane halina huruma. Kila baada ya hatua mia alilitua, akafungua, akatazama kama ubavu bado unapanda na kushuka. Njia nzima aliwaza atakavyomwambia Nafuna, na hakupata neno.

Wakoli alimkuta Muli pale kituo cha Kawangware 46, nyuma ya nyumba yake, akiwawekea ng'ombe wake wawili majani. Ni mzee mfupi asiyependa maneno mengi kabla ya kazi. Alimnusa paka mara moja tu, akaagiza maji ya vuguvugu na sabuni ya mche. Akamwosha mara tatu polepole, akamkausha kwa gunia, ndipo akasema.

"Umempaka dawa ya mahindi."

"Ndio, mzee."

"Paka anajilamba. Kila kitu unampaka, anakula. Ungempa tu hiyo sumu na kijiko."

Walikaa hapo mpaka jua likapoa, Karani kwenye gunia, na mtetemeko ukapungua, akaanza kumeza mate yake mwenyewe. Muli alimtazama mgeni wake akijikuna mguu, akatikisa kichwa.

"Wewe ndio bwana ya yule mama mwembamba mwenye paka wa ndani? Wa kuchukua mavi hapa kila Jumamosi?"

"Ndio mimi."

"Mbona aliacha? Alisema mzee amekataa."

Wakoli aliangalia chini. Kama aibu ya mavi ilikuwa kubwa, hii ilikuwa mama yake.

"Sasa sikia," Muli alisema. "Kiroboto hakai kwa paka. Kwa paka anakuja kula, halafu anarudi kwake. Kwake ni hiyo vumbi yako. Siriba hiyo sakafu, funga nyufa zote. Huyu mchane na kitana kila asubuhi, wale unapata tia kwa maji ya sabuni. Anapenda kulala wapi?"

"Kwa shali. Shali ya mtoto."

"Hapo ndio wanataga. Ichemshe leo leo. Usipochemsha hiyo, unajisumbua bure."

Wakoli alirudi Kibera na sanduku begani na debe la mavi ya ng'ombe mkononi, na kwa vile mkono ulimuuma, mwishowe debe likapanda kichwani. Vibandani walimwona. Mmoja akamwuliza kama amefungua shamba. Yeye akaongeza hatua.

Alhamisi alisiriba. Hakuwahi kufanya kazi hiyo; kwao ni ya wanawake, na mikono yake ilijua bati tu. Alianzia mlangoni akienda ndani, mpaka akajikuta amejifungia kwenye kona ya kitanda, ikabidi avuke sakafu mbichi na kuacha nyayo. Ijumaa akarudia. Kila asubuhi alimchana Karani kwa kitana chembamba cha Nafuna, akahesabu viroboto kwenye bakuli, leo thelathini, kesho kumi na wanane. Karani alianza kula tena omena, dagaa wake wadogo.

Lakini shali ilimshinda. Mara tatu aliteleka maji, mara tatu yakachemka mpaka yakapungua. Mara ya mwisho aliinusa, akitafuta harufu ya mtoto. Akapata paka, na dawa ya mahindi. Aliketi chini. Aliamini ni yeye aliyeiua harufu hiyo kwa unga wa Oloo, kitu cha mwisho cha mtoto wao, na kwamba Nafuna akifika atajua papo hapo. Akaifungia shali ndani ya kisanduku cha bati, akangoja.

Jumamosi saa nne Nafuna aliingia na mahindi mabichi kikapuni. Karani alijinyoosha, akaja kujisugua miguuni pake. Nafuna alimgusa shingo palipoanza kuota manyoya, kisha akaitazama sakafu kwa muda.

"Nani amesiriba hivi?"

"Ni mimi."

"Na hizo nyayo?"

"Nilianzia mlangoni."

Nafuna alitaka kucheka, akakosa pa kuanzia. "Na shali iko wapi?"

Wakoli alimwambia yote, kuanzia unga mpaka maji yaliyochemka bure. Hakujitetea. Alifungua kisanduku, akamkabidhi shali kwa mikono miwili, akangoja ainuse.

Nafuna hakuinusa. Aliikunja tu.

"Hii haina harufu ya mtoto tangu kabla ya Krismasi," alisema.

"Na mbona hukuifua?"

"Kuna asubuhi nilirudi kuchukua ndoo, nikakuona umeishika. Nikasema hii sasa ni yako. Nikuachie mpaka ukuwe tayari."

Mwaka mzima walikuwa wamechunga kitambaa kitupu, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na viroboto wakizaana ndani yake.

Nafuna alichukua sufuria, akaitumbukiza shali humo, akamwaga maji.

"Baba Nekesa," alisema, "washa jiko."

Wakoli alichuchumaa mbele ya jiko, akapanga makaa. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi, mbele ya mke wake na bila kujificha, huku mkono mmoja bado unakuna mguu.