Faili la Tata Cirha

Ujumbe wa hospitali ulikuwa wa Kiingereza, mistari minne, na ulifika miezi mitatu baada ya wadukuzi kuiba mafaili ya wagonjwa na kuyamwaga mtandaoni. Ulisema wanasikitika. Tata Cirha aliiweka simu mezani kwangu, akaisogeza kwa kidole kimoja mpaka ikanifikia.

Mimi nafanya kazi ofisi ya ushauri wa sheria hapa Ngcobo, chumba kimoja nyuma ya posta. Si wakili. Nawajazia watu fomu, nawaandikia barua, nawaambia waende wapi na wapi wasijisumbue. Wengi wanaokuja ni wajane wanaofuatilia mafao ya waume waliofia migodini, na huanza kulia kabla hawajakaa. Cirha hakulia. Jina lake la cheti ni Zanemvula Qunta, lakini Tata ni baba, Cirha ni ukoo, na kwetu mtu mzima huitwa kwa ukoo wake, kama mimi ninavyoitwa MamBhele. Yeye tu na wazee wenzake bado wananiita makoti, bibi harusi wa kijiji, nami nina miaka ishirini na miwili ndani ya ndoa na meno mawili ya bandia.

"Makoti," alisema, "sheria inasemaje mtu akiibiwa kitu ambacho si pesa?"

"Inasema mengi, Tata. Kwanza unaweza kuiandikia hospitali wakueleze ni nini hasa kilichochukuliwa, na wanalazimika kukujibu. Pili, unapeleka malalamiko kwa Mdhibiti wa Taarifa kule Johannesburg. Hayana gharama, nayajaza mimi hapa hapa. Tatu, unadai fidia mahakamani. Huna haja ya kuonyesha kwamba walikusudia wala kwamba walizembea. Unaonyesha faili lilikuwa mikononi mwao, likatoka, likakuumiza. Kuna mawakili East London, mji wetu wa pwani, wanawakusanya wagonjwa wote waende mahakamani kwa kesi moja."

"Hilo la kuumia. Nani anasema nimeumia?"

"Wewe mwenyewe."

"Kwa mdomo wangu?"

"Kwa kiapo. Unaniambia mimi naandika, unakwenda kuapa kituo cha polisi, halafu wakili, halafu hakimu."

Alivua kofia akaitazama ndani. "Na katika hao wote, wanawake ni wangapi?"

Nilijifanya natafuta kalamu, kwa sababu nilijua anachouliza na kwa nini anauliza.

Jumamosi mbili kabla ya hapo, nilikuwa kwenye masufuria nyumbani kwa shemeji yake, walipokuwa wakiwapokea vijana waliotoka jandoni, mlimani kama tusemavyo. Wanaume walikuwa zizini, wamekaa kwa mpangilio wao, wakubwa juu, wavulana ambao bado hawajaenda jando chini kabisa penye lango. Cirha mahali pake ni juu, penye uzio upande wa kulia. Miaka yote ndiye anayewausia vijana waliotoka, na hana makelele, anaongea nao taratibu mpaka hata ng'ombe wanatulia. Siku hiyo kijana mmoja alimnyooshea fimbo kuelekea langoni. Cirha akasimama kidogo, akaangalia wazee wenzake mmoja mmoja, na wote walikuwa wameinamia magoti yao. Akaenda akakaa na wavulana. Mkebe wa pombe ulipozunguka, ulimpita.

Nililiona hilo kwa macho yangu, viazi mkononi. Na sababu nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni, kwenye simu. Mume wangu Sindile ndiye katibu wa chama chetu cha kuzikana, ana simu nzuri na muda mwingi. Yale mafaili yalipomwagwa mtandaoni alikaa siku nzima akitafuta majina ya kijijini kwetu. Alipolipata la Cirha aliwatumia wanaume wenzake, halafu akanitumia na mimi, na vikatuni vinne vya kucheka: *Kumbe Cirha ni mwanamume wa hospitali!*

Daktari mmoja kutoka Cuba alikuwa ameandika kwamba mgonjwa, akiwa na miaka kumi na tisa, alitolewa jandoni hali yake mbaya na tohara yake ikamaliziwa hospitalini. Kwetu, aliyemaliziwa na daktari hakumaliza. Atazaa, ataota mvi, atazika wazazi, na bado kuna wavulana watakaompita. Nililisoma faili lile mara mbili. Sikucheka, lakini pia sikumwambia Sindile kitu. Niliendelea kumenya viazi, na hilo linanichoma mpaka leo.

Cirha alirudi Jumanne iliyofuata. Nilikuwa nimejaza kila kitu katika fomu ya Mdhibiti isipokuwa kisanduku kimoja kikubwa: madhara uliyopata.

"Siwezi kukwambia, makoti. Mambo ya kule hayasemwi kwa mwanamke. Si dharau."

"Najua, Tata. Yule wakili wa East London ni mwanamume. Bwana Naidoo. Nimpigie simu uongee naye?"

"Amekwenda mlimani huyo?"

"Wahindi hawaendi, Tata."

"Basi ni mvulana! Unataka mzee mzima nikasimulie mambo ya mlimani kwa mvulana?"

Tulicheka wote wawili. Halafu kicheko kikamgeuka usoni, akajifuta macho kwa kofia, na mimi nikakasirika, nikaikasirikia fomu, nikamkasirikia aliyechora kisanduku kile bila kufikiri kwamba kuna watu ambao dawa yao na kidonda chao viko mahali pamoja.

"Faili lenyewe," aliuliza baadaye, "linaweza kusahihishwa?"

"Linaweza. Ni haki yako. Kuna uongo ndani?"

"Hakuna uongo. Limekatwa njiani."

Nilisimama nikageuza kiti changu, nikakaa nimeuelekea ukuta, penye kalenda ya duka la majeneza. Nikaweka daftari magotini. "Mimi sipo hapa, Tata. Ongea na kalenda."

Gari la mikate lilipita nje, likarudi. Kisha nikamsikia akikohoa.

"Nilimwambia yule daktari mambo mawili, akaandika moja. Nilitolewa, ni kweli. Mjomba alinibeba mgongoni mpaka barabarani. Lakini siku ya tisa nilitoroka pale hospitali na bandeji zangu, nikarudi kwa miguu. Nikakaa na wenzangu mpaka mwisho. Nilishuka mtoni nao, nikatoka nao. Tulikuwa sita. Watano wamekufa, mjomba naye amekufa. Miaka thelathini na sita sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mkuba yule aliniuliza kovu ni la nini, nami nikaona huyu si wetu, atarudi kwao na maneno yangu yatarudi naye. Nikamwambia yote. Akachapa nusu."

Niliandika sentensi moja tu: *Kumbukumbu haijakamilika, mgonjwa anataka iongezwe kwamba alirudi.*

Lakini sheria haishibi kwa sentensi moja. Mdhibiti na mawakili walihitaji kuonyeshwa kwamba faili lilifika kijijini, nani alilileta, na limefanya nini. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba Cirha amekwenda kwa wanasheria, na simu za kijiji kizima zilikuwa zimesafishwa. Uliza mtu yeyote: hakuona, hakupokea, hata kusoma hajui. Iliyobaki ilikuwa moja. Mimi karatasi situpi, na simu nimeizoea hivyo hivyo.

Nilikuwa bado nimeuelekea ukuta, nikaona kumbe ni mahali pazuri pa kusemea.

"Tata, mimi ninalo. Liko kwenye simu yangu. Nililisoma."

Kiti chake kililia. "Lini?"

"Kabla ya siku ile ya zizini."

"Kwa hiyo siku zote hizi ninavyojikanyaga hapa, wewe unajua."

"Nilijua. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Nani alikutumia?"

"Sindile."

"Sindile alikutumia wewe? Mwanamke?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa sheria yangu, Sindile alikuwa mmbeya tu. Kwa sheria yao, alikuwa amelichukua jambo la mlimani akalipeleka kwenye sikio la mwanamke ili acheke. Jambo ambalo Cirha alishindwa kunitamkia hata kwa kujiokoa.

"Hili haliendi Johannesburg tu," alisema taratibu. "Linakwenda kwa jumbe pia. Lakini simu ni yako, na mume ni wako. Mimi sikuombi kitu, makoti."

Sindile nilimkuta anakula. Nilimweleza kabla hajamaliza, kwa sababu ningengoja amalize ningeogopa.

"Futa," alisema.

"Sifuti."

"MamBhele, wewe ni mke wangu au karani wa Cirha?"

"Vyote viwili. Na ulipokuwa unatuma hukuniuliza mimi ni nani."

"Ilikuwa mzaha! Kila mtu aliutuma!"

"Kwa mwanamke?"

Alisukuma sahani. "Unajua watanifanya nini?" aliuliza.

"Najua. Nilikuwa kwenye masufuria, niliona walivyomfanya mwenzako."

Jumatano niliituma ile barua ya kusahihisha faili hospitalini, na Alhamisi asubuhi tulifikishana kwa jumbe. Wanaume walikuwa ndani ya zizi, mimi nikabaki nje ya uzio. Cirha alikuwa langoni, pale pale walipomweka, mgongo umenyooka. Nilipitisha simu juu ya miti ya uzio. Jumbe alivaa miwani, akasoma jina la aliyetuma, akasoma jina la aliyetumiwa, akaizima. Yaliyoandikwa katikati hakuyasoma kwa sauti.

"Sindile, hii umemtumia nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako alikwenda mlimani mwaka gani?"

Mtu mmoja alicheka, akakohoa haraka. Sindile aliangalia chini. Jumbe akamgeukia Cirha, akamuuliza kama ana neno la kusema juu ya lile faili, maana alipofikisha shauri alisema kuna sehemu haikuandikwa.

Cirha alinyanyua kichwa. Maneno yote alikuwa nayo, niliyasikia mimi mwenyewe. Lakini macho yake yalikuja mpaka kwenye uzio, yakanikuta nimesimama, mwanamke, karibu kiasi cha kusikia. Nilirudi nyuma hatua tatu, nne. Nilichelewa.

"Nimeshaandika," alisema. "Karatasi iko njiani."

"Basi tutaingoja karatasi," alisema jumbe. "Mpaka ifike, kila mtu abaki alipo. Na wewe Sindile, shuka langoni."

Mume wangu alishuka polepole kati ya wanaume waliokuwa wameinamia magoti yao. Alifika langoni akasimama, hajui akae wapi, jua limempiga usoni. Tata Cirha alimtazama, akasogea, akampisha upande wa kivuli.