Nywele za Kichaka

Baba yangu anaitwa Kichaka. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, kwa sababu alizaliwa na nywele nyingi kiasi kwamba mkunga, kwa mujibu wa Bibi mwenyewe, aliutafuta uso wake kwa kupapasa. Nawaomba wasomaji wasicheke. Nimekulia katika nyumba ambayo mtu anayeitwa Kichaka ana kichwa kinachong'aa kama sufuria lililosuguliwa na wanafunzi wenye adhabu, na tangu utotoni nimejifunza kukaza uso.

Baba ni fundi vioo. Hukata vioo vya madirisha, vya kabati na vya kujitazamia, kwa hiyo kutwa nzima upara wake humzunguka karakanani: mmoja ukutani, mmoja mezani, mwingine umeegemea mlango ukisubiri mteja aje kuuchukua. Wateja humtania. "Fundi, zima hiyo taa, inatuumiza macho." Baba hucheka nao na kuendelea kukata. Upara haukuwahi kumnyima usingizi. Aliposema anakwenda kupandikizwa nywele, mtaa mzima ulijua amepata mwanamke. Mama alisema heri ingekuwa mwanamke, angemfukuza asubuhi na mchana wangekula.

Sababu ilikuwa Bibi.

Nywele za Baba na kumbukumbu za Bibi zilianza kuondoka wakati mmoja, kimyakimya, kama wanafunzi wanaotoroka bwenini. Kwanza Bibi alisahau chungu motoni. Kisha akasahau siku. Kisha jina langu. Akanibakizia "mke mwenzangu", utani wake kwangu tangu nikiwa mdogo, nami sikudai zaidi. Mwisho akamsahau Baba. Tena si kumsahau hasa. Alimtazama, akaona upara, na chini ya upara akamwona mtu mwingine: Babu, marehemu mumewe, ambaye mimi sikumkuta na ambaye nyumbani kwetu hatajwi wakati wa kula.

"Nimeshapika," Bibi alikuwa akimwambia Baba mara tu anapoingia, akirudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta. "Chakula kipo. Maji yapo. Kila kitu kipo."

"Mama, ni mimi. Kichaka."

"Kichaka hajatoka shule."

Baba ana mvi kidevuni. Alikuwa akisimama mlangoni na mkate wake mkononi, akipokea taarifa kwamba hajatoka shule.

Nilipokuja likizo, nikaona familia inahitaji mtu mwenye elimu. Katika kabati la maigizo la shule yetu kulikuwa na nywele za bandia zilizowahi kuvaliwa na wafalme kadhaa na mchawi mmoja, na nilikuwa nimeziazima kwa utaratibu ambao hatuna haja ya kuujadili hapa. Baba akazivaa kwa utiifu, nikamsawazisha pembeni, akaingia chumbani kwa mama yake. Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno asije akapigwa:

"Baba Kichaka, huyo paka ni wa nani?"

Mama akatoka uani kucheka, akakaa huko muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji. Baba akazivua zile nywele, akazikunja vizuri, akanikabidhi.

"Rudisha ulikoziiba," akasema. "Nitaotesha za kwangu."

Daktari wa nywele alikuwa mama mmoja mchangamfu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Alimpapasa Baba kisogo kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Shamba lipo," akasema. "Nywele za huku nyuma huwa hazijui habari za upara. Tunazitoa moja moja na mizizi yake, tunazihamishia mbele. Hulazwi. Unaingia asubuhi, unatoka jioni na kichwa chenye vidoti vyekundu."

"Inauma?"

"Sindano za ganzi zinauma, sikudanganyi. Zikishakolea utakoroma."

"Na zitaota lini?"

Daktari akavua miwani ya machoni. "Hapa ndipo watu wananichukia. Hizo tutakazopanda zitakaa wiki chache, halafu zitapukutika. Usije ukanipigia simu unalia; mzizi unabaki ndani. Utakaa na kichwa kitupu miezi kadhaa. Kisha zinaanza kuchungulia. Kichwa kamili, hesabu mwaka."

"Mwaka," Baba akasema. "Daktari, mama yangu anaumwa. Nataka anione nikiwa nazo."

"Nywele hazina mama, baba yangu. Zina wakati wake."

Baba akaomba apangiwe siku. Nadhani ndani ya moyo wake alikuwa ameshamwomba Bibi asubiri, na Bibi ameshakubali.

Ambalo hakuuliza ni la mashine. Siku yenyewe ilipofika, mimi nilikuwa msindikizaji rasmi, kwa kuwa Mama hakuweza kumwacha Bibi peke yake. Nesi akaja na mashine ya kunyolea, akamfunga Baba shuka shingoni.

Baba akashika juu ya masikio, palipokuwa pamebaki ukingo wa nywele, zile za mwisho. "Hata hizi?"

"Hizi hasa, mzee. Ndizo mbegu."

Nilikuwa nimeandaa mzaha kuhusu kondoo. Nyumbani kuna picha moja ya Babu, Mama ameilaza kifudifudi juu ya kabati, nami naijua kwa kuwa hakuna kitu kilicholazwa kifudifudi ambacho sijakigeuza. Mashine ilipomaliza sikio la pili, mtu wa ile picha akawa ameketi mbele yangu, anaulizwa na nesi kama anataka kwenda haja kabla hawajaanza. Mzaha wa kondoo sikuutoa.

Alilala kifudifudi, uso ndani ya tundu la kitanda. Sindano zilipoingia alibana vidole vya miguu. Kisha daktari akashika kidude kama kalamu yenye mlio wa mbu na kuanza kuchomoa. Wasaidizi wawili walizipokea nywele kwa vibano, wakazipanga kwenye maji baridi chini ya hadubini.

"Zikoje?" Baba aliuliza sakafu.

"Kama sisimizi wanaojifunza kuogelea," nikamjibu.

"Wanaweza?"

"Wanaendelea vizuri, Baba. Hakuna aliyekufa."

Mchana wakampa chai, wakamgeuza chali, na mbele wakatoboa vitundu na kuzipandikiza moja baada ya nyingine mpaka mgongo wangu ukauma kwa kutazama tu. Jioni nesi akatoa amri, nami nikazikariri kama sheria za bweni: asiguse, asikune, asitoke juani, asiiname, anyunyizie maji ya chumvi, kisogo akipanguse kwa ile dawa ya chupa, na alale ameketi, kichwa juu, ili uvimbe usishuke machoni.

Uvimbe haukusoma sheria. Ulishuka hivyo hivyo, kutoka paji la uso hadi kwenye kope, mpaka macho ya Baba yakawa nyufa mbili. Ikabidi awe analala sebuleni kwenye kiti chenye mikono, na viatu miguuni kwa kuwa kuinama kuvivua kulikatazwa na kuvuliwa na mtoto alikataa mwenyewe. Dawa ya kisogo ilinukia spiriti nyumba nzima. Mama alipita pale mara ya kwanza, akasimama, akataka kusema kitu, akaenda kufungua madirisha.

Mchana mmoja Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti hicho na mimi niko naye nikijisomea. Bibi akatoka chumbani akishika ukuta. Akamwona. Akanishika mkono, na sikujua kwamba vidole vile bado vina nguvu.

"Mke mwenzangu," akaninong'oneza, "usitoe sauti. Amelewa."

"Bibi, huyo hajalewa. Ametoka hospitali."

"Ukimwamsha kabla sijamvua viatu, tumekwisha."

Akapiga magoti, mzee yule ambaye kuinuka kitandani tu ni kazi ya watu wawili, na kuanza kufungua kamba za viatu. Alizifungua upesi kabisa. Baba akaamka, akamwona mama yake miguuni pake.

"Mama, inuka. Tafadhali inuka."

"Mtoto hayupo," Bibi akasema bila kuinua uso. "Nimempeleka kwa dada yangu. Hutamwona. Ukitaka wa kumpiga, mimi si nipo?"

Baba akainama. Alipiga magoti sakafuni, akamshika mabega, na sheria yote ya nesi ikavunjika kwa mara moja. Vitundu vikafunguka. Damu ikamtiririka kwenye paji la uso na kumdondokea Bibi mkononi. Bibi akaitazama, akaipangusa kwa nguo yake, kwa mazoea.

"Umepigana tena," akasema.

"Mama, Kichaka ni mimi. Nitazame."

"Hata ukiniua, sikwambii alipo."

Mama alikuja na tukamrudisha Bibi kitandani. Baba alikwenda jikoni akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimnyunyizia maji ya chumvi kichwani, kwa kuwa muda wake ulikuwa umefika na sikujua kingine cha kufanya.

"Nilikaa kwa mama mkubwa mpaka nikamaliza shule," akasema. "Siku zote nilidhani walinipeleka kwa ajili ya utundu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia." Maji yalikuwa yakimshuka hadi kidevuni. "Sasa nataka kumwambia nilifika salama, na mtu pekee duniani asiyeweza kumwambia hivyo ni mimi."

Mama akasema, "Zitaota. Utamwambia."

Tangu hapo Baba akahamia karakanani. Mama alimpelekea chakula. Nilirudi shule, na siku ya wazazi alikuja na kofia. Wenzangu wakaniuliza baba yako ni kocha? Nikasema ndiyo. Tulipokaa pembeni aliniambia zimepukutika zote, kama daktari alivyosema, aliziona kwenye mto na kwenye maji ya kuoga.

"Daktari anasema ni dalili nzuri," akasema.

"Umeshamwona Bibi?"

"Humchungulia dirishani akiwa amelala."

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Likizo moja nilikuta kichwa chake kina vinyweleo kama vya kifaranga, tukavihesabia heri. Nyumbani Bibi alikuwa bado anauliza Kichaka yuko wapi, na kila siku Mama alimjibu yuko njiani. Likizo iliyofuata nilikuta nywele. Nyeusi, nene kidogo, zimesimama kwa mkao wa kushangaa. Mwenyewe alikuwa ameshanunua kitana. Nikamuuliza mbona bado anakula karakanani, akasema anasubiri zifunike vizuri hapa mbele, asije akaharibu.

Mama hakumwambia la Bibi. Aliniambia mimi, tukianika nguo.

"Ameacha kumuulizia Kichaka," akasema. "Wiki ya ngapi sijui. Na kuogopa pia ameacha. Fundi bomba aliingia juzi, mwanamume mwenye upara wake kabisa, Bibi akamkaribisha kiti."

"Basi ni vizuri?"

Mama akabana nguo kwenye kamba, akabana nyingine juu yake.

Baba alikuja asubuhi. Alivaa shati lililopigwa pasi, akachana nywele kwenye kioo cha mlangoni, akaharibu, akachana tena. Akaingia, akaketi kwenye kigoda mbele ya mama yake ili asimzidi urefu. Bibi hakurudi nyuma. Alimwangalia taratibu, kwa adabu ya mwenyeji aliyefikiwa na mgeni asiyemjua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hamjambo huko mlikotoka?"

"Hatujambo." Baba akainamisha kichwa, akakisogeza karibu na mikono yake. "Ni Kichaka, Mama. Nimefika. Nilifika salama."

Bibi akanyoosha mkono akazigusa. Akapitisha vidole kutoka mbele hadi nyuma, polepole, akarudia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, nami nyuma yake.

"Una nywele nzuri, mwanangu," Bibi akasema. "Mama yako yu hai?"

Baba hakuinua kichwa.

"Yupo."

"Msalimie sana."

"Zitafika," Baba akasema.

Bibi akaondoa mkono, akageukia dirishani. Baba akabaki ameinama pale kwenye kigoda mpaka Mama alipomshika bega. Kisha akainuka, akasema kuna mteja anasubiri kioo cha kabati, akatoka.