Dakika Nne za Nyota

Watu walimwita Sekunde, kwa sababu ukimuuliza saa hakukuambia "saa nne kasorobo" kama wenzake. Alikutajia mpaka sekunde. Alikuwa fundi saa, miaka thelathini kwenye meza ileile ya dirishani.

Siku moja mkunga mstaafu wa mtaani alimletea saa yake kubwa ya ukutani.

"Ilikuwa inabaki nyuma, siku hizi imesimama kabisa," alisema. "Nataka iende sawasawa, fundi. Siyo karibu na sawasawa."

Sekunde aliifungua, akaisafisha, akaitundika. Usiku, ilipogonga saa mbili, aliinua macho, akaona nyota moja ikizama nyuma ya tangi la maji la nyumba ya pili. Ilizimika palepale kama taa. Akafurahi. Nyota haina betri wala vumbi. Akaifanya shahidi wake.

Kesho yake alibandika paji la uso kwenye nondo ya dirisha, akafumba jicho moja. Nyota ikazama saa mbili kasoro dakika nne. Siku ya tatu, kasoro nane.

"Inachelewa," alijisemea. Akaikaza nati iliyo chini ya ule uzito unaoyumba, akaikaza tena kesho yake, mpaka saa na nyota zikawa chanda na pete. Akamrudishia mkunga saa yake, kifua mbele.

Wiki ilipokwisha, mkunga akaja ameikumbatia.

"Saa hii inakimbia kama imeiba! Nimefika kituo cha basi karibu nusu saa kabla, nimekaa pale kama mzigo uliosahaulika."

Sekunde akawasha redio. Kweli tupu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile mpwa wake, binti wa dada yake, mwalimu wa jiografia aliyekuwa akikaa kwake, alikuta chakula hakijaguswa. Sekunde akamsimulia yote. Binti alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatika.

"Mjomba, hizo dakika nne ulizipima kwa kitu gani?"

"Kwa jicho na nondo. Kwa nini?"

"Kwa sababu saa haikuwa na kosa, na nyota haikuwa na kosa."

Akamtoa nje, uani. Akaweka taa juu ya kigoda, akamsimamisha mjomba wake akiikabili. Ng'ambo ya mji, juu kabisa ya kilima, taa nyekundu ya mnara wa simu iliwaka mstari mmoja na ile ya kigodani.

"Wewe ni dunia. Hii taa ni jua, ile nyekundu ni nyota. Zunguka kushoto, mzunguko mmoja, huku unasogea hatua moja kulia."

Akazunguka kwa uangalifu wa fundi.

"Unatazama nini?"

"Mnara."

"Na jua?"

Sekunde akatazama. Taa ya kigodani ilikuwa imebaki kushoto kwake. Ilimbidi ageuke kidogo zaidi ndipo aikabili.

"Huko kugeuka kidogo," binti alisema taratibu, "ndiko dakika zako nne. Dunia inajizungusha, lakini pia inasafiri kulizunguka jua. Nyota inatupata mapema. Jua lazima tulisubiri."

Sekunde akakunja vidole kimoja kimoja. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. "Nne kila siku... kwa mwaka mzima... zinatimia saa ishirini na nne!"

"Naam. Siku mia tatu sitini na tano, lakini mizunguko mia tatu sitini na sita."

"Mzunguko mzima! Kila mwaka unanipita, mimi nimeinamia meza!" Akashika ukuta. "Na hiyo safari, mwanangu, mwendo wake ukoje?"

"Karibu kilomita thelathini."

"Kwa saa?"

"Kwa sekunde, Mjomba."

Akakaa chini, pale pale kwenye saruji, viganja vimefunguka pembeni mwake. Saruji ilikuwa bado na joto la mchana. Haikutikisika hata kidogo. Juu, nyota zilikuwa zimejaa, naye akazitazama mpaka shingo ikamuuma, machozi yakimtoka bila kujua yalikotoka.

Asubuhi aliilegeza nati, akaifuatisha saa na redio, akaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa mkunga. Aliomba radhi, akaeleza kisa chote. Mkunga alimsikiliza, mkono shavuni, kisha akauliza nyota ile huzama wapi.

Muda mfupi baada ya saa moja jioni ile, maana nyota ilikwisha kuwahi, walikuwa watu watatu dirishani, wakipokezana ile nondo.