Mchango wa Paa

Mama Pacha alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule siku aliyochelewa kikao. Alipoingia alikuta watu wanapiga makofi, akadhani anapigiwa mtu mwingine, naye akapiga. Kumbe ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Saluni yake, chumba kimoja chenye kioo kirefu na feni inayolia kama mgonjwa, ilitazamana na geti la shule. Pacha wake walikuwa darasa la kwanza, kwenye lile jengo la zamani ambalo upepo ulikuwa umeling'oa paa upande mmoja. Watoto wakawa wanasomea chini ya turubai. Mkaguzi alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema ukuta ni mzima ila paa lazima liezekwe kabla ya muhula mpya. Lisipoezekwa, jengo litafungwa na wadogo watahamia shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Barabara ile kila mzazi aliijua. Malori yalipita pale kana kwamba yanafukuzwa.

Halmashauri ilikubali kutoa nusu ya gharama. Nusu ya pili itoke kwa wenyeji, kila nyumba itozwe mchango kwa mwaka mmoja, na wenyeji wenyewe waupigie kura. Wakiukataa, fungu linakwenda kata nyingine, ambayo ilikuwa inasubiri mlangoni huku imekenua meno.

Mama Pacha akafanya kampeni na kitana mkononi. Mtu aliyekushika kichwa kutwa nzima, utake usitake utamsikiliza. Akina mama wengi walitoka pale wamesukwa na wameshawishika. Lakini mtaa ulikuwa na kidonda. Zamani walichangia kisima, wakapata shimo. Kisima chenyewe hakikuonekana, na waliokusanya mchango wakahama mmoja mmoja. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na katika mtaa ule aliyeshtuka kuliko wote alikuwa mstaafu mmoja wa posta, ambaye watu walimwita Mzee Risiti kwa sababu alidai risiti hata akinunua fungu la mchicha.

Halafu kulikuwa na kaka yake.

Kaka yake Mama Pacha ndiye aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mji mzima ulimwita Mabati. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha masomo akaenda kubeba saruji ili mdogo wake asome. Hakuwahi kumkumbusha hata mara moja. Habari za paa zilipoanza, alimfuata saluni, akasimama mlangoni kwa kuona haya kuingia kwenye kundi la wanawake, akasema, "Mabati nitawapa kwa bei ile ile niliyonunulia mimi. Sitaki faida. Ni shule yetu ile." Mama Pacha akafurahi, akashukuru. Wakaachana.

Hakumwambia mtu mwingine. Baadaye alijiuliza sana kwa nini.

Siku ya kura ukumbi wa shule ulijaa hadi watu wakakalia madirisha. Mbele alikaa mwalimu mkuu, anayefuta miwani yake kila mara, na afisa wa halmashauri, mwanamke kijana aliyefungua mkutano kwa kusema wazi kwamba jibu linatakiwa leo, kesho halitapokelewa. Mabati alikaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na vijana wake wa dukani na majirani wa upande wake wa mtaa. Mama Pacha aliwaona, moyo ukatulia. Zile zilikuwa kura za uhakika.

Alizungumza vizuri. Alieleza turubai, alieleza barabara kuu. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akafuta machozi. Mambo yalikuwa yanakwenda mpaka Mzee Risiti akainua fimbo yake.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi si adui wa shule. Wanangu wote wamesoma hapa. Nina swali moja tu, nalo jibu lake ni fupi. Mabati yatanunuliwa wapi?"

Vichwa vikageuka vyote kwa pamoja, kama vimefungwa kamba moja, vikamtazama kaka yake.

"Ndiyo, atujibu!" mtu akapaza sauti kutoka dirishani. "Dada anatutoza, kaka anatuuzia!"

"Kisima kingine hicho!"

Kelele zikapanda. Afisa akagonga meza kwa kalamu. Mwalimu mkuu akamwegemea Mama Pacha, akanong'ona, "Jibu upesi, Mama, tunawapoteza."

Aliona kweli wanapotea. Wateja wake mwenyewe, wanawake aliowasuka juzi, walikuwa wanakwepa macho yake. Akawaza aseme ukweli, kwamba kaka amejitolea kuuza bila faida. Lakini nani angeamini? Mfanyabiashara anayeuza bila faida, na anayemtolea ushahidi ni dada yake! Wangecheka mpaka turubai lidondoke. Akaona mbele yake barabara kuu na pacha wameshikana mikono ukingoni, wanasubiri lori lipite.

"Hayatanunuliwa kwa kaka yangu," alisema.

Kelele zikakatika.

"Si mabati, si saruji, si msumari. Katika kazi hii hakuna kitu kitakachotoka kwenye duka la kaka yangu. Na kamati ya manunuzi, mkuu wake atakuwa wewe Mzee. Utachagua duka wewe, na risiti utazishika wewe."

Mzee Risiti alipepesa macho. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Mimi magoti yananisumbua," alisema.

"Risiti hazishikwi kwa magoti, Mzee."

Watu wakaangua kicheko, hata afisa. Na kile kicheko kingeishia hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini jamaa mmoja, mchomeleaji aliyezoea kutania misibani, akapaza sauti, "Mmesikia? Hata dada mtu hamwamini Mabati!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakipigana mabega. Mama Pacha akafungua mdomo aseme siyo hivyo, sikuwa na maana hiyo, lakini sauti yake haikufika hata safu ya pili. Kule nyuma Mabati alikuwa amesimama. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na asiyeliona kofi lilikotoka. Alinyoosha shati lake, akatoka. Vijana wake wa dukani wakamfuata, na nyuma yao majirani wa upande wake, mmoja baada ya mwingine, hadi mabenchi ya nyuma yakabaki meupe.

Kura za uhakika zilikuwa zinatoka mlangoni na yeye anaziangalia.

"Tupige kura," afisa akasema.

"Subiri kidogo," Mama Pacha akamwomba.

"Mama, siwezi kusubiri. Wanaokubali mchango, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda, michache kwanza, kisha mingine ikifuata kwa kusitasita, kama watoto wanaoingia maji ya baridi. Walimu wawili wakapita katikati ya mabenchi wakihesabu. Mama Pacha hakuhitaji kuhesabu. Aliona haitoshi. Mzee Risiti alikuwa amekaa, mikono yote miwili juu ya fimbo, na wazee wenzake wa benchi la kwanza, wanaomfuata kama mkia, wakamtazama yeye. Mzee akamtazama Mama Pacha kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwake. Sijui aliona nini. Akaipa fimbo mkono wa kushoto, akainua wa kulia. Benchi zima likainua.

Walimu wakahesabu na waliokataa, kisha wakarudia, kwa kuwa wa kwanza na wa pili hawakupatana. Mwishowe afisa akasimama na kutangaza kwamba mchango umepita. Tofauti ilikuwa ya watu wasiotosha kujaza dawati.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu mkuu alimpa mkono, akausahau mkononi mwake. Mama Pacha alikuwa anatazama mlango.

Kesho yake asubuhi alikwenda dukani. Mabati alikuwa nyuma ya kaunta, anapanga makopo ya rangi.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Karibu mteja. Nikusaidie nini?"

"Kaka, nimekuja tuzungumze."

"Hapa tunauza," alisema kwa upole, bila kumtazama. "Kama hununui, pisha wengine."

Mteja! Mama Pacha alifika saluni analia waziwazi, na siku hiyo alimsuka mtu kwa mtindo ambao haujaombwa.

Kazi ya paa ikaanza. Mabati yalinunuliwa ng'ambo ya mji, na Mzee Risiti aliyakagua moja moja akiyapiga kwa fimbo na kusikiliza mlio. Fundi aliapa kwamba hajawahi kufanya kazi na mtu mchoshi kama yule. Wazazi walijitolea kubeba mchanga na maji. Siku moja gari la kubebea mzigo la dukani kwa kaka yake likaingia getini, limejaa mchanga, na kwenye usukani alikuwa wifi yake.

"Wifi! Kaka anajua umelichukua?"

"Mwenye gari hajui kwamba gari limetoka," wifi akasema huku akishuka. "Ila funguo aliniwekea mezani. Sasa wewe fumbua mwenyewe, mimi nina mchanga wa kushusha."

Lakini kaka mwenyewe hakuja. Paa likakamilika, watoto wakarudi ndani, afisa akaja na kupigwa picha. Mabati hakuonekana.

Alikuja Jumamosi moja mchana, saluni imejaa, bila kubisha. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka katikati, kati ya vichwa vilivyotapakaa mafuta.

"Ulinisema mbele za watu," alisema. "Na mimi nimekuja nikuseme mbele za watu."

Mama Pacha akaweka kitana chini. "Sema, Kaka."

"Mimi nimekosa biashara nyingi, sifi kwa kukosa moja. Ungeniambia niache, ningeacha. Lakini kila nyumba ilichanga kwa hiari, ikapiga na kura. Mimi ulinichangisha jina langu, na hukuniuliza. Watoto wananizomea mpaka leo, 'hata dada mtu'."

"Nilibanwa, Kaka. Nilikuwa naona wanangu barabarani."

"Najua ulibanwa. Nilikuwepo."

Mama Pacha alipiga magoti pale pale kwenye nywele zilizoanguka sakafuni.

"Nisamehe. Sitakudanganya, nikirudishwa pale nitasema maneno yale yale, maana paa lisingepatikana. Lakini bei uliyoniahidi ningewaambia watu, wacheke wakitaka. Hilo nililinyamazia, na ndilo kosa langu. Hawa wote leo walisikie. Kaka yangu alitaka kutupa mabati bila faida."

Mwanamke mmoja chini ya mashine ya kukaushia akauliza kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuwa anasikia vizuri, "Amesema bila nini?"

"Bila faida!" wengine wakamjibu.

Mabati alimtazama dada yake pale sakafuni. Kidevu chake kilicheza kidogo. Mtu angedhani atacheka, au vinginevyo.

"Inuka," alisema mwishowe. "Unachafua gauni." Akageuka aende, akasita. "Wifi yako anasema Jumapili uje na watoto mle nasi. Anasema yeye. Mimi sijasema kitu."

"Tutakuja."

"Mimi sijasema kitu," akarudia, akatoka.

Mama Pacha akainuka, akajipangusa magoti, akashika kitana. Aliyekuwa anasukwa akamwambia taratibu asiwe na haraka, anywe maji kwanza.