Tiki Iliyohama

Kitendawili hiki nakitega bila zawadi. Mwili mmoja, majina mawili. Ukimwita kwa jina moja anachora, kwa jina la pili anaandika. Ukikosea jina, anatapika. Ni nani huyo?

Mkishindwa msinipe mji, mji nitaupeleka wapi na magoti haya? Jibu lake ni printa, na jibu hilo lilimwaga damu kwenye sakafu yangu.

Iliingia chumba cha mbele cha nyumba yangu ikiwa imefungwa kamba, kuukuu, haina hata sidii yake ya programu. Humo wajukuu wangu wawili walikuwa na duka la kuchapa. Mkubwa tulimwita Nyundo, kwa sababu kitu kikigoma alikipiga kwanza, ndipo akauliza kina nini. Mdogo wake ni Sindano: mwembamba, na mdomo unachoma. Mama yao alipotutoka niliwalaza mkeka mmoja, wakikojoleana na kusingiziana mpaka wakaota ndevu.

Basi printa haisikilizani na kompyuta mpaka iwekewe draiva, yaani ile programu ndogo inayofundisha kompyuta kusema nayo.

"Kaka, usichomeke waya kwanza," Sindano akasema. "Ngoja nishushe draiva yake mtandaoni."

"Waya ni waya," Nyundo akajibu, akachomeka.

Kompyuta kwa kiherehere chake ikajiokotea draiva yoyote iliyokuwa nayo. Picha ikatoa vizuri, uso wa mtu utadhani anakuchungulia dirishani. Lakini ukiiambia iandike, ilitapika nyota, vijiti na mikwaju, ukurasa baada ya ukurasa. Sindano akaongeza ya kwake. Hiyo iliandika maneno safi, ila nyuso za watu zikatoka kijani kama vyura. Kwenye kioo cha kompyuta zikakaa printa mbili zenye jina moja, ya pili imeandikiwa "nakala" pembeni.

Mwenye akili angefuta zote aanze upya. Wangu waligawana kama warithi wa shamba: picha za Nyundo, maneno ya Sindano. Wakaapa mbele yangu kwamba ile tiki ya kijani, inayoiambia kompyuta itumie printa ipi usipoichagulia, itakaa kwa Sindano, maana kazi za maneno ndizo nyingi. Mwenye picha achague ya picha kila mara, tiki asiiguse.

Siku chache tu, Sindano akakuta tiki iko kwa Nyundo.

"Umeigusa."

"Sijaigusa."

"Basi imeota miguu."

Akairudisha. Ikahama tena. Mara ya pili hawakuulizana. Nilisikia kofi tu, likifuatwa na kiti. Mara ya tatu Nyundo alitoka na alama za meno begani, na Sindano alitema jino kwenye sinki langu la kuoshea vyombo. Jirani akaniambia, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Nikalima. Nikapalilia mchicha wote uani, na huko dukani waliendelea kugombana. Aliyetunga methali ile hakuwa na wajukuu wenye kikatio cha karatasi, lile bapa la chuma lenye mpini, linaloshuka mara moja na kupita kwenye rundo kama kwenye siagi.

Kisha akaja mfiwa mmoja, bonge la mtu, macho mekundu. Alitaka ratiba za mazishi ya mama yake, na jeneza lilikuwa tayari kutolewa. Mke wa Nyundo, aliyekuwa akiwasaidia dukani, akamchapia kwanza picha ya marehemu, kwa printa ya picha, kama ilivyoapwa. Sindano akakaa, akabonyeza kazi ya maneno bila kutazama, akaenda kunywa maji.

Aliporudi, mama wa watu alikuwa ametapikwa. Rundo zima la nyota na vijiti, na jina lake halimo popote.

"Haya ndiyo mama yangu?" mfiwa akauliza, kwa upole kabisa. Kisha akamshika Sindano kisogoni, akamgonga uso kwenye meza. Pua ikapasuka. Damu ikaloanisha ratiba.

Sindano hakumrudishia mfiwa. Aliichomoa kibodi, akaenda alipoinama Nyundo akikata kadi, akamvunjia kichwani. Vitufe vikaruka chumba kizima kama punje za mahindi.

"Mpaka kwa maiti, kaka? Mpaka kwa maiti unanihujumu?"

Nyundo akainuka damu ikimziba jicho. Akampiga ngumi ya tumbo, akampiga ya pili alipokunjika, akamburuta kwa shati hadi kwenye kikatio. Niliingia katikati nikipiga kelele, "Nyie, mmelala mkeka mmoja!" Kiwiko cha mmoja wao, sijui cha nani, kikanitupa kwenye maboksi ya karatasi. Nilipoinua macho, mkono wa kulia wa Sindano ulikuwa umelala chini ya bapa, na Nyundo ameshika mpini juu.

"Sema! Mkono huu ndio unaohamisha tiki ili nionekane mwongo?"

"Si mimi! Haki ya Mungu, kaka, ni wewe!"

"Sema!"

Mke wa Nyundo alikuwa kwenye kompyuta, akihangaika na kipanya peke yake, mfiwa amemsimamia. Alikuwa ameirudisha tiki kwa Sindano. Akachapa picha moja tena kwa printa ya picha. Akaona.

"Baba watoto! Imehama yenyewe! Tazama! Hakuna aliyeigusa!"

Nyundo akageuka kutazama. Naapa aligeuka tu. Mwili ukageuka, mkono ukafuata mwili, na mpini ukafuata mkono.

Vidole viwili. Mfiwa yule yule ndiye aliyevua shati akaufunga ule mkono, akambeba Sindano hadi hospitali, huku mama yake mwenyewe akimngoja ndani ya jeneza.

Baadaye mke wa Nyundo alikuta kiboksi kidogo kwenye mipangilio. Kilikuwa kimewekwa alama tangu kompyuta inanunuliwa, kuiruhusu iipe tiki printa yoyote iliyotumika mwisho. Akaiondoa alama. Akafuta printa zote mbili, akachomoa waya, akaweka draiva moja, ndipo akachomeka. Sasa inaandika na kuchora kwa jina moja.

Kikatio nilikitupa chooni, kwenye shimo. Tunakata kwa mkasi, na wateja wanalalamika kingo zimepinda. Zipinde.

Sindano amerudi kazini. Anachapa taratibu, na kwa kaka yake hana neno ila moja. Kila asubuhi akikaa, anauweka ule mkono juu ya meza, anauliza bila kugeuka:

"Kaka, tiki iko wapi leo?"

Na Nyundo, dume zima, huacha alichoshika, huja akasimama nyuma yake, akainama kwenye kioo.

"Iko ulipoiweka, mdogo wangu."