Hakuna wa Kwetu

Kitendawili! Semeni "tega," msinikodolee macho. Miguu hana, mlangoni hatoki, lakini mtu akifa Tabora yeye ndiye wa kwanza kuniambia. Nani huyo? Barua? Barua hutembea kwa miguu ya mtu. Kunguru? Mna mambo nyie! Basi nipeni mji. Mmenipa Kondoa? Haya, Kondoa nimekwenda, nimekula asali yao, nimerudi nimeshiba. Jibu ni redio.

Siku hizi mtoto hawezi kukijibu hicho. Pale Busi, enzi za Sidonia, mngekijibu kabla sijafunga mdomo.

Sidonia alikuwa mjane wa Pantaleo, na redio ilikuwa ya Pantaleo, ya pekee pale kijijini, kubwa, ya mbao, yenye mkanda wa ngozi na tumbo la kula betri sita. Pantaleo alipoipata stesheni ya Dodoma kwenye masafa ya kati, alidondoshea nta ya nyuki pale kwenye mshale, ikaganda. "Mkono wa mtu usiguse hapa," akasema. Yeye akafa, nta ikabaki. Stesheni ikawa ile ile miaka kumi na tisa.

Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, yalikuja matangazo ya vifo. Sidonia aliketi kibarazani, sikio likiwa karibu na redio, mkono umemfunga kuku mdomo asipige kelele. Msomaji husoma: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, na habari ziwafikie ndugu fulani wa mahali fulani. Likitajwa jina la Busi, Sidonia alijifunga kanga ya pili kiunoni akaenda mwenyewe mpaka nyumba inayohusika, hakutuma mtu. Lisipotajwa, alipita kwa majirani jua likizama, akasema, "Leo hakuna wa kwetu." Watu wakashukuru, wakala, wakalala. Hakuna aliyemteua. Ndivyo ilivyokuwa, na kijijini walisema, kama Sidonia hajasikia, basi hajafa mtu.

Sasa mwaka ule uliofuata mvua ya El Nino, mwezi wa tano, jioni moja redio ikavuma tu. Shiii, kama mahindi makavu yanayomwagwa kwenye bati. Sidonia akaipiga kofi ubavuni. Shiii. Akazitoa betri, akazianika juani kutwa nzima juu ya jiwe, akazirudisha. Shiii. Akanunua mpya. Shiii ile ile, sasa kwa nguvu zaidi. Akaibeba mpaka kwa fundi wa Kondoa mjini. Fundi akaifungua, akaipuliza vumbi, akasema, "Mama, redio yako nzima kuliko mimi."

"Mwizi wewe!" Sidonia akamwambia. "Nzima haisemi?"

Kuugeuza mshale? Hata wazo halikumjia. Ile nta ilikuwa kama muhuri wa marehemu.

Na jioni, majirani walipomtazama kwa jicho lile la kusubiri, atasema nini? Kwamba yeye, sikio la kijiji, amekuwa kiziwi? Siku ya kwanza akasema, "Leo hakuna wa kwetu," akijua kesho itapona. Siku ya pili akasema tena. Uongo ni kama mbuzi, ukishaingia shambani mara moja hauhitaji kuonyeshwa njia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Hakufa mtu wa Busi ugenini, akaona Mungu amemstahi.

Halafu akafa Yusra.

Yusra alikuwa binti wa Swalihu, jirani yake Sidonia ng'ambo ya korongo. Aliolewa Dodoma mjini na Abdulkadiri, fundi cherehani. Alifariki Jumatano asubuhi kwa uzazi, yeye na mtoto. Abdulkadiri akakimbia kupeleka tangazo redioni, jioni ile ile likasomwa. Kesho yake waliiweka maiti mpaka adhuhuri wakimngoja baba, wakasogeza mpaka alasiri, kisha wakamzika, maana maiti haikai. Swalihu alipata habari siku ya nane, kwa mdomo wa dereva wa lori aliyemwambia, "Pole na msiba, mzee," akidhani anajua.

Swalihu alikuja kwa Sidonia mchana huo, kofia mkononi. Walikuwa na kiporo cha ugomvi: mbuzi wa Swalihu walikuwa wamekula ulezi wa Sidonia mwezi mmoja kabla, na Sidonia alikuwa amemwapiza mbele za watu.

"Shemeji," akasema, maana Pantaleo alikuwa rafiki yake wa kuchanjiana damu. "Jumatano iliyopita, jioni, ulisikia nini?"

Sidonia alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama. "Kuna nini?"

"Yusra wangu kafa. Mumewe anasema tangazo lilisomwa, lenye jina langu na jina la Busi. Ana risiti. Na wewe ulipita kwangu jioni ile ukasema hakuna wa kwetu. Ulisikia nini?"

Angesema pale pale, yangeisha pale pale. Lakini ulimi wa Sidonia ulikuwa mwepesi wa ukali. "Unaniuliza mimi? Mimi ndiye ninayeua? Kawaulize hao wenye redio!"

"Ni kwa sababu ya mbuzi?"

"Mbuzi gani tena, Swalihu!"

"Kwa sababu ya mbuzi umenificha maiti ya mwanangu?"

Hakungoja jibu. Akavaa kofia, akavuka korongo. Tangu siku hiyo, Sidonia akifika kisimani ndoo zinatulia. Hata Cecilia, wa kanisa moja naye, alipomwazima chumvi alimkabidhi bila kumtazama. Kosa la mbuzi hulipwa kwa mbuzi. Lakini kumficha mtu maiti ya mwanawe kwa ajili ya ulezi! Hilo huachiwi hata ukifa, hata kaburi lako watu watalipita bila salamu.

Hasira zikamjaa Sidonia, na kwa kuwa hakutaka kuzigeuzia ndani, alizigeuzia Dodoma. Akaifunga redio ya Pantaleo kwenye kanga, akajitwika, akapanda lori mpaka Kondoa, kisha basi, vumbi la njia nzima puani.

Stesheni yenyewe sitaitaja jina. Mlangoni alikaa binti mmoja, Lea, mezani pake kiredio chekundu cha kigeni kinaimba kwa sauti safi kama kengele.

"Shikamoo, bibi. Tangazo au salamu?"

"Marahaba. Nimekuja na ugomvi."

"Ugomvi hatuna fomu yake, bibi."

"Basi niitie mtu asiyehitaji fomu!" Akautua mzigo juu ya meza hadi kalamu zikaruka. "Hii imenyamaza. Nataka aliyeinyamazisha."

Kelele zilipozidi akatoka mzee mmoja wa ovaroli la buluu, Batholomeo, fundi mitambo, mvi kichwani. Akaiona redio, akaigusa ubao kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe. Akaiona nta. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Unatoka wapi, mama?"

"Busi."

"Redio yako haina ugonjwa. Ni sisi. Mtambo wa masafa ya kati tumeuzima."

"Mmeuzima? Mtu anazima koroboi ya nyumba asiyolala yeye?"

"Uliharibika kipuri. Kipuri kinatoka Ulaya. Wakubwa wakapiga hesabu, wakasema mtambo unakula umeme, na wenye biashara ya sabuni na soda wanataka FM, iko wazi zaidi, ya kisasa. Sasa ni soko huria, mama. Redio zimekuwa nyingi, kila mmoja anavutia kwake."

"Hiyo FM inafika wapi?"

"Ikijitahidi sana, Veyula."

"Veyula! Mtu akipiga chafya hapa wanamsikia Veyula. Na Busi?"

Batholomeo akatikisa kichwa.

"Nakuuliza wewe. Mlijua Busi hatutasikia?"

"Tulijua."

"Na mlitutangazia? Siku ya mwisho, kabla hamjazima, mlisema, jamani, nyie wa Busi, nyie wa Bahi na mabwawa yenu, kesho msitutegemee?"

"Hatukusema."

"Kwa nini?"

"Walisema tukitangaza, watu watalalamika."

Sidonia aliketi bila kukaribishwa. Akamwambia Lea alete tangazo la Yusra, mke wa Abdulkadiri fundi cherehani, la Jumatano ile. Lea, ambaye sasa alikuwa amekizima kile kiredio, alipekua faili akalileta. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa akilia, wino umesambaa: habari ziwafikie baba mzazi, Swalihu, Busi, Kondoa.

"Nani alilipokea?"

"Mimi, bibi," Lea akasema polepole.

"Ulisoma hapo? Umeandikiwa Busi. Ulimwambia huyo kijana kwamba ni sawa na kulisemea chunguni?"

"Hatukuagizwa kuwaambia watu, bibi."

"Angepata lori! Angetuma dereva asubuhi ile ile! Baba mtu angemzika mwanawe! Mlimpa risiti, mkasoma jina la Busi kwa sauti nzuri, watu wa mjini wakalisikia wakiwa wanakula chipsi zao, mkalala!" Akasimama. "Niandikie karatasi. Yenye muhuri. Waone kule kwamba si mimi."

Batholomeo akachukua kalamu. Aliandika kwamba mtambo umezimwa na maeneo ya Kondoa hayapati matangazo. Sidonia, darasa la nne la misheni, akaisoma kwa kidole.

"Tarehe iko wapi?"

"Tarehe ya nini, mama? Inatosha hivyo."

"Haitoshi! Mnapenda kuficha nyie! Andika siku mliyozima!"

"Mama, kama ni kwa ajili ya Jumatano hiyo tu..."

"Andika tarehe!"

Akaandika: tarehe nne, mwezi wa tano. Akapiga muhuri. Akampa kwa mikono miwili, na akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye amekaa na mtambo ule miaka ishirini na saba na siku ya kuuzima alikwenda nyumbani kwa miguu. Sidonia alikuwa ameshapata silaha yake.

Ni ndani ya lori la kwenda Busi, amekaa juu ya magunia ya alizeti, alipoitoa tena ile karatasi ili ajifurahishe. Tarehe nne, mwezi wa tano. Yusra alifariki katikati ya mwezi wa sita. Akahesabu kwa vidole. Wiki sita. Akahesabu tena, kwa kuwa vidole navyo hukosea. Wiki sita, na kila jioni ya wiki hizo alipita milango ya watu na neno lake. Karatasi iliyomtoa kwenye shutuma ya mbuzi ilikuwa imemwingiza kwenye nyingine, na yeye ndiye aliyepiga kelele iandikwe.

Kona ile yenye tarehe ilikuwa ndogo. Ukucha ungetosha. Aliushika ukingo wa karatasi kutoka daraja la kwanza mpaka la tatu. Aliwatukana wale watu wa Dodoma kimoyomoyo, akamtukana Batholomeo, akamtukana mwenye sabuni na mwenye soda. Kisha matusi yakaisha na njia ikawa bado.

Arobaini ya Yusra ilisomwa siku ya tatu baada ya Sidonia kurudi. Kwa Swalihu walitandika mikeka uani, pilau jikoni, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Sidonia hakualikwa. Alivuka korongo hitima ilipokuwa imekwisha na watu wanangojea chakula, akasimama kwenye uzio.

"Mwalimu Abuu," akamwita mwalimu wa madrasa, "nisomee hii. Isome yote."

Mwalimu Abuu aliisoma kwa sauti, mpaka muhuri. Minong'ono ikapanda kama nyuki. "Kumbe!" "Walizima, wakanyamaza? Washenzi!" "Kila siku wanatuhesabia kura tu!" Cecilia akaanza kulia, akaja kumshika Sidonia mkono: "Nisamehe, dada, nilikufikiria vibaya." Mzee mmoja akasema waandike barua kwa mkuu wa wilaya, mwingine akasema mkuu wa wilaya naye anasikiliza FM. Kulikuwa na kicheko kidogo cha hasira. Sidonia angeweza kukaa mkekani wakati ule, akapewa sahani, mambo yakaisha.

Swalihu hakucheka. Alikuwa amemwomba Mwalimu Abuu ile karatasi, anaitazama pale chini ingawa hajui kusoma.

"Abuu. Umesema mwezi wa ngapi?"

"Wa tano. Tarehe nne."

Swalihu akainuka. Akaja mpaka kwenye uzio, kofia kichwani safari hii, macho mekundu. Hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza, ukanifokea. Nakuuliza tena. Jumatano ile, jioni, kabla hujaja mlangoni kwangu. Ulisikia nini, shemeji?"

Cecilia alikuwa bado ameushika mkono wake. Sidonia akautoa.

"Mvumo," akasema. "Wiki sita nilisikia mvumo tu, Swalihu. Niliona aibu kusema, nikakudanganya."