Upande wa Kitinda

Mama alikuwa amekataa uji, amekataa dawa, amebaki na ombi moja tu. "Niwekeeni wimbo wa Kitinda," alisema. "Niusikie, niondoke."

Fundi rangi, mwanawe wa kwanza, aliishika santuri ya nyimbo zao. Nakala zilichapwa mia moja tu, nyimbo mbili za kuusifu mji waliozaliwa: upande wa kwanza wake, wa pili wa mdogo wake, Kitinda. Namba aliziandika mwenyewe kwa brashi juu ya majalada, moja moja. Lakini watu hawana adabu. Walisikiliza upande wake nusu, wakageuza, wakabaki huko huko. Siku moja wivu ukampanda, akachukua msumari akaukwaruza upande wa Kitinda kwenye santuri ya nyumbani, akairudisha ndani ya jalada kimya kimya. Mwaka haukuisha, Kitinda akafa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa ameshaingia ndani na kuketi kitako.

Tangu asubuhi alikuwa amezunguka mji kutafuta nyingine. Kinyozi alikuwa nayo, ila ameigeuza saa ya ukutani, misumari kumi na miwili imepita katikati ya nyimbo zote mbili. Kwa wengine hakupata hata jalada.

"Kaka, weka basi," dada yake alisema. "Humwoni hali yake?"

"Imeharibika."

"Imeharibika vipi? Haijaguswa tangu msiba."

Akairudisha ndani ya jalada.

Mama macho yalishamwacha siku nyingi. Basi fundi rangi akapiga magoti kando ya kitanda, akauimba wimbo wa mdogo wake kwa ile sauti nyembamba ya mdogo wake, kutoka kisimani hadi stesheni, kona kwa kona. Hakukosea neno hata moja. Wivu ulikuwa umemfundisha wote.

Mama akanyoosha mkono, ukapapasa hewani mpaka ukamfika kichwani.

"Kitinda wangu. Umekuja kunichukua."

"Nimekuja, Mama."

"Na kaka yako yuko wapi? Nataka nimpe radhi kabla sijaondoka."

Dada yake alimtazama, akimsihi kwa macho aseme. Akafungua mdomo. Sauti yake mwenyewe ilikataa kutoka.

"Yuko njiani, Mama," akasema kwa sauti ya Kitinda.

"Basi nitamngoja."

Akamngoja mpaka pumzi ikamwisha, mkono wake ukiwa bado juu ya kichwa cha mwanawe mkubwa.